Sura ya Tano: Mzazi Ndiye Hazina

Sheria ya Kongo ya TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ina kifungu kifupi ambacho mzazi wa Kisangani hajawahi kukisoma, ila kinamgusa kila mwezi. Kodi hiyo ilianza kutozwa tarehe 1 Januari 2012, kwa kiwango cha asilimia 16. Saruji inalipiwa, bati linalipiwa, yuniti za simu zinalipiwa. Minervali, malipo ya masomo, hailipiwi. Ada ya shule na malipo ya bweni vimewekwa kando, pamoja na mambo mengine machache ambayo mtunga sheria aliona si vizuri kuyagusa.

Kwa nini? Swali si la kijinga. Nchi inatafuta fedha kila kona, na shule ya binafsi ni biashara kama biashara nyingine: ina mwenye mali, ina wateja, ina bei, na ukichelewa kulipa unatolewa nje. Mwenye duka la bati pale Makiso, komini ya Kisangani, anatoa TVA. Kwa nini mwenye shule aliye ng'ambo ya barabara asitoe?

Waingereza walijiuliza hivyo hivyo, wakajibu kwa vitendo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi za Uingereza zinatozwa asilimia 20. Serikali ya chama cha Labour, kwa kinywa cha waziri wake wa fedha Rachel Reeves, ilieleza kwamba mapato yatasaidia shule za umma, na ahadi iliyorudiwa sana ni ya kuajiri walimu wapya 6,500. Watoto wanaosoma shule binafsi kule ni kama asilimia 7 tu. Baadhi ya wazazi walikwenda mahakamani, na Juni 2025 Mahakama Kuu ikatupilia mbali madai yao. Ugiriki ilikuwa imejaribu kabla, mwaka 2015, kwa asilimia 23, ikarudi nyuma kabla mwaka haujaisha.

Hoja ya Waingereza inaeleweka. Kuna shule ya serikali karibu na nyumbani. Mwalimu wake analipwa na serikali mwisho wa mwezi, mshahara unaomtosha kula na kulipa nyumba. Mlango uko wazi, hakuna anayeomba hata senti. Mzazi akiipita shule hiyo akaenda kununua masomo kwingine, hiyo ni hiari yake, na anayenunua kwa hiari anaweza kutozwa. Kila sehemu ya hoja hii inategemea shule ile ya kwanza, ile ya bure. Iondoe shule hiyo, halafu usome hoja upya ukiwa umekaa Mangobo, komini nyingine ya mji huu.

Ili kuelewa shule ile imekwenda wapi, inabidi turudi nyuma kidogo. Padri Gabriel Grison alianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya mto mwaka 1897, na kwa miaka mingi baada ya hapo kusoma Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati ule, kulikuwa kusoma kwa mapadri na masista. Utawala wa Wabelgiji ulitoa ruzuku, misheni zikafundisha. Mwaka 1974 Mobutu alizinyang'anya dini shule zote. Hakudumu nazo. Tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa saini mkataba uliozirudisha mikononi mwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na Waislamu wakajiunga baadaye. Serikali inalipa, dini inasimamia: hayo ndiyo makubaliano hadi leo, na watoto wengi wa shule za msingi za Kongo wanakaa kwenye madawati ya shule za namna hiyo. Kwa hiyo mtu wa Kisangani akisema shule ya kanisa, kwa kawaida anazungumzia shule ya umma. Shule ya binafsi ni kitu cha tatu: ya mfanyabiashara, ya profesa, ya mchungaji wa kanisa jipya, ya mjane aliyeachiwa kiwanja.

Upande wa kulipa ndio ulioanguka. Miaka ya 1980 ilikuwa ya kubana matumizi kwa amri ya wakopeshaji wa nje, na maelfu ya walimu wakaondolewa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumuko wa bei ulikula kilichobaki. Mshahara wa mwezi haukufika sokoni ukiwa mzima. Walimu waligoma. Maaskofu na wazazi wakakaa, wakakubaliana kwamba mzazi atamwongezea mwalimu kitu mkononi ili arudi darasani. Kitu hicho kiliitwa primu. Kilikuwa cha muda. Kilidumu zaidi ya robo karne.

Hapa ndipo mambo yanapopendeza, kama neno hilo linafaa. Primu haikubaki kwa mwalimu. Ofisi zilizo juu yake nazo zilikuwa hazipati fedha za uendeshaji kutoka Kinshasa: hakuna karatasi, hakuna mafuta ya pikipiki, hakuna kodi ya nyumba ya ofisi. Zikaangalia ni wapi fedha inaingia kila mwezi, zikaona ni kwa mtoto wa darasa la kwanza anayekuja na noti zilizofungwa kwenye pembe ya kitambaa.

Waliofanya kazi shuleni miaka ile wanaikumbuka meza ya direkta siku ya mgawanyo. Daftari la mistari limefunguliwa, kalamu nyekundu pembeni, noti zilizolegea kama majani ya mihogo yaliyochemshwa. Direkta anahesabu kwa sauti ya chini huku mwalimu mmoja akishuhudia. Fungu la walimu. Fungu la chaki na madaftari ya maandalio. Fungu la sou-divizyo, ofisi ya elimu iliyo karibu. Fungu la divizyo ya jimbo, iliyo juu yake. Fungu la koordinasyo ya kanisa, kwa kuwa nayo ina ofisi na makarani wake. Fungu la minervali yenyewe, ambayo kisheria ni mali ya hazina ya serikali, na la bima ya wanafunzi, ya SONAS, shirika la bima la serikali. Kila fungu linawekewa mpira, linaandikwa, linasubiri mwenyewe aje. Mwalimu aliyekaa tangu asubuhi akiona mafungu yanavyoondoka mezani anajua mapema atarudi nyumbani na nini.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Kristof Titeca na Tom De Herdt, waliuchunguza mfumo huu na mwaka 2011 wakachapisha maelezo yake. Walichoonyesha ni kwamba serikali haikutoweka katika elimu ya Kongo. Ilibadilisha mahali pa kulia chakula. Badala ya fedha kushuka kutoka hazina hadi darasani, zilipanda kutoka darasani hadi ofisini. Kila mtoto aliyeongezeka alikuwa mapato ya ziada kwa ngazi zote, basi kila ofisi ilikuwa na sababu nzuri ya kupenda shule mpya ifunguliwe, hata kama ya zamani iko mita mia mbili. Gavana alitia saini kila mwaka hati ya kupanga viwango vya ada. Ada ikitozwa kwa lazima, kwa kiwango kilichopangwa na gavana, ikagawanywa kwa ofisi za serikali, sijui tuiite nini kama si kodi.

Nawaambia hivi wanaouliza kama ada itozwe kodi nchini Kongo: mmefika wakati watu wanaosha vyombo.

Mfumo huo mbaya ulifanya jambo moja ambalo haifai kulinyamazia. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji ambao si wa Rwanda wala wa Uganda. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na shule 69 zilizopigwa na makombora. Kinshasa ilikuwa nchi nyingine wakati ule. Mshahara wa mwalimu haukuvuka mstari wa vita. Lakini darasa lilirudi. Liliendeshwa na akina mama wa soko kuu na wanaume wa toleka, wale wa baiskeli za kubeba abiria, franka kwa franka. Mtu akisema wazazi wa mji huu hawajui thamani ya elimu, mwombe aende akawaambie wenyewe.

Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imesema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilirudia. Ilibaki maandishi hadi Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoanzisha gratuité, elimu ya msingi ya bure. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia iliidhinisha mamia ya mamilioni ya dola kuisaidia. Ada za shule ya msingi ya umma zilifutwa, watoto wakafurika. Serikali inajivunia mamilioni ya watoto waliorudi shuleni, na ina haki ya kujivunia: msichana wa Lubunga aliyekuwa anauza maji ya pakiti saa nne asubuhi, saa hiyo hiyo akawa yuko darasani.

Ila tatizo la meza ya direkta halikufutwa kwa tangazo. Wapo walimu wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo, wale wanaoitwa wa-NU, faili zao zikingoja kwenye ofisi ya udhibiti wa mishahara, iliyokuwa SECOPE na sasa ni DINACOPE. Mwalimu wa namna hii alikuwa anaishi kwa primu tu. Gratuité ilimwondolea primu, mshahara haukuja mahali pake. Darasa la watoto mia moja na zaidi likawa jambo la kawaida. Septemba 2024, mwaka wa shule ulipofunguliwa, walimu wa umma katika sehemu nyingi za nchi walibaki nyumbani wakidai angalau dola 500 kwa mwezi.

Mzazi afanye nini na mtoto wa miaka saba katika hali hiyo? Aliyeweza, alimhamisha. Na aliyeweza, katika Kisangani, si tajiri. Nenda Kabondo au Mangobo uangalie nani yuko mlangoni mwa shule ya binafsi saa moja na nusu asubuhi. Muuguzi ambaye hospitali yake inamlipa kwa kuchelewa. Mama anayenunua mihogo kwenye mitumbwi na kuuza unga. Asistanti wa chuo kikuu. Dereva wa pikipiki ambaye zamani baba yake alifuma nguo kwenye kiwanda cha SOTEXKI. Mara nyingi, na hili linachekesha kwa uchungu, mwalimu wa shule ya umma iliyo jirani, ambaye anajua darasa lake lina watoto wangapi na hataki wa kwake awe humo.

Shule yenyewe? Vyumba sita vya matofali ya kuchoma, viwili vingine vya mbao vilivyojengwa kwa haraka Agosti, bendera, bomba moja la maji au kisima. Mwenye shule anawajua wazazi kwa majina. Tarehe kumi ya mwezi ikipita, orodha inasomwa mstarini baada ya wimbo wa taifa. Anayeitwa anachukua mfuko wake na kutoka. Kufukuza huku hakuna kelele. Watoto wamekuzoea, wengine wanapitia kwa jirani kucheza hadi saa sita ili mama asijue. Siku mbili baadaye mama anakuja na nusu, anaomba radhi, anaandikiwa kwenye daftari, mtoto anarudi. Mwenye shule naye anajua kuwa akifukuza wengi mno atabaki na madawati matupu, na akisamehe wengi mno walimu wake hawatakula. Hesabu ya mwezi mzima inachezwa kati ya hayo mawili.

Sasa weka asilimia 16 juu ya hesabu hiyo. Tuseme ada ni dola 20 kwa mwezi. Mzazi ataambiwa alete 23 na senti 20. Hatazileta. Ataleta 20 zile zile, kwa awamu zile zile, na tofauti itatoka kwa mwalimu, kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kuitolea. Kodi ambayo kisheria inamlenga mlaji itamwangukia mtu aliyeshika chaki.

Wanaotetea kodi huwa wanasahau pia kwamba shule iliyosamehewa TVA haikusamehewa kabisa. Mfanyabiashara wa kawaida anayetoza TVA anaruhusiwa kutoa ile aliyolipa yeye mwenyewe aliponunua mali, halafu anapeleka tofauti kwa DGI, idara ya kodi ya serikali. Shule haitozi, kwa hiyo haiwezi kudai kurudishiwa. Ikinunua saruji, bati, madaftari au kompyuta dukani kwa fakitira halali, TVA iliyomo inabaki kuwa gharama yake, na gharama hiyo imo tayari ndani ya ada. Waingereza walipoanza kutoza, shule zao zilipata angalau haki ya kudai kodi ya manunuzi. Fikiria mwenye shule wa Mangobo akijaza fomu ya kurudishiwa fedha na hazina ya Kongo, wakati makampuni ya madini, yenye wanasheria na ndege, yamelalamika miaka mingi kuwa hazina haiyarudishii TVA yao. Mimi nisingemshauri aitegemee.

Juu ya hapo kuna kodi kwenye mishahara, kuna michango ya CNSS, INPP na ONEM, kuna kodi ya pango ikiwa nyumba si yake. Hizi angalau zina sheria na viwango. Zinazomchosha ni ziara. Anakuja mtu na barua yenye muhuri, leo ni ya usafi, kesho ya mazingira, keshokutwa ya komini, na kiasi kinachoandikwa kwenye barua si kile kinacholipwa baada ya mazungumzo chini ya mwembe. Ukijumlisha ziara za mwaka mmoja unapata kodi ambayo bunge halikuipigia kura, na ambayo sehemu yake haiingii hazina yoyote. Siku msamaha wa TVA ukiondolewa, watu hao hao watakuwa na sababu moja zaidi ya kugonga mlango.

Najua jibu: si shule zote ziko hivyo. Kweli kabisa. Zipo za katikati ya mji zinazotoza kwa dola, kwa muhula mzima na mapema, zenye basi lao, jenereta na sare zinazouzwa ofisini tu, na mwenye mali anayejenga nyumba ya pili. Wazazi wao wanaweza kulipa asilimia 16 bila kukosa usingizi. Lakini dawa ya hapo si TVA. Ni kodi ya faida, ambayo tayari ipo, asilimia 30. Kikwazo ni kwamba baadhi ya shule hizo zimejiandikisha kama jumuiya zisizotafuta faida, chini ya sheria ya Julai 2001, huku faida ikitafutwa na kupatikana. Mkaguzi mmoja mwenye uvumilivu, akifungua vitabu vya shule kumi kubwa za jimbo na kulinganisha majina kwenye jumuiya na majina kwenye hati za viwanja, angeleta zaidi kuliko TVA ya vyumba sita vya Kabondo. Kazi hiyo ni ngumu na inakutana na watu wenye simu za mawaziri. Ndiyo maana wazo la kutoza ada, ambayo iko wazi na mzazi hana wa kumpigia simu, linavutia zaidi.

Sheria yenyewe inazitenga ndogo. Anayeuza chini ya franka milioni 80 kwa mwaka hatakiwi kutoza TVA. Kwa kiwango cha 2024, cha franka kama 2,800 kwa dola moja, hiyo ni dola 28,500 hivi. Shule ya watoto 150, kwa dola 20, kwa miezi kumi, inafika dola 30,000 ikiwa wote wamelipa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Wavu ungezishika zile za kati, za watoto 200 au 300, ambazo si za matajiri. Na nyingine zingejifunza haraka kubaki na watoto 140 kwenye daftari linaloonyeshwa na 220 kwenye madawati. Mji huu umeishi na madaftari mawili tangu zamani, hauhitaji kufundishwa.

Na hata zikikusanywa, fedha hizo ziende wapi? Waingereza walitaja walimu 6,500 na bajeti inayosomwa bungeni. Kisangani franka ikipanda Kinshasa, kushuka kwake ni hadithi nyingine. Kama ningeulizwa na bunge la jimbo letu la Tshopo, ningesema waanzie kwenye ile hati ya gavana ya kila Septemba, ambayo bado inapanga ada za sekondari. Iongezewe safu moja inayoonyesha kila franka inaishia ofisi gani, ibandikwe kwenye ukuta wa kila shule, ya umma na ya binafsi, pamoja na orodha ya ziara zinazoruhusiwa na bei zake. Baada ya miaka miwili ya hilo, tuzungumze kuhusu kodi mpya.

Wenye shule, kwa upande wao, wasijilaze wakidhani wako salama kwa kuwa hakuna sheria mpya iliyopitishwa. Msamaha wa TVA unazihusu shule zilizoruhusiwa kihalali, na ruhusa ya shule ya binafsi ni hati inayotiwa saini na waziri wa elimu, Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Faili inasafiri, inakaa, inapotea, inatengenezwa upya. Shule inafungua milango kwa kibali cha muda cha divizyo, inafundisha, inapeleka watoto kwenye mtihani chini ya jina la shule nyingine yenye karatasi zake, miaka inakwenda. Zilizo kubwa kati ya hizo zimekwisha kuvuka milioni 80 bila kuwa na hati ya waziri. Mkaguzi wa DGI akitaka kuzitoza asilimia 16 kesho asubuhi, sheria ya kufanyia hivyo anayo tayari mkobani.